Neno Nililosema Kuhusu Asali Yako

Mama Salma,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini miaka yote niliyofanya kazi kwako sikuwahi kufungua mdomo asubuhi bila kukuamkia, na leo nina mambo mabaya ya kukuambia.

Duka lako la nyuma ya soko sasa wanauza makava ya simu. Ndoo zako za kuchujia, mwanao Salma aliwagawia majirani. Moja nimeiona kwa fundi uashi, imejaa saruji. Niligeuza uso nikapita.

Nilikuja mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na begi moja, na kila niliyemwomba kazi aliniuliza kwanza wazazi wangu walikimbia nini Burundi. Wewe uliniuliza kama naijua asali. Nikasema naijua kwa kula. Ukacheka, ukanipa kitambaa, ukanionyesha kuchuja. Ulinifundisha kuitofautisha kwa ncha ya ulimi: hii ya maua ya mti wa mtundu, nyeupe na laini, hii nyeusi ya mwisho wa msimu.

Na ulinifundisha kwa yule mzee wa Kwihara. Hukusema kwamba ni somo. Alikuwa anauza karibu na stendi, bei yake chini ya yako, na wateja walianza kumzoea. Ukanituma kwa warina asali wake wote, nyumba kwa nyumba, ninunue mavuno kabla hajafika, hata yale machafu ambayo baadaye tuliyamwaga. Msimu mmoja ulimtosha. Alipokuja dukani kuomba ndoo mbili tu za asali za kuanzia upya, ulimkaribisha chai, ukamwambia pole, huna hata moja. Zilikuwa nyuma ya pazia. Nilizipanga mimi.

Kwa hiyo nilipokuaga nikafungue pangu, nilijua ninaingia kushindana na nani. Hukunikasirikia. Ulisema tu, "Konso, usije ukanionea huruma."

Sikukuonea huruma.

Nilianza na warina asali wa kwetu Ulyankulu waliokuwa wakikuuzia. Niliwapelekea ndoo mpya, nikawasemesha kwa lugha ya nyumbani, nikawaambia wewe unawaona washamba. Hukuwahi kusema hivyo. Kisha nikawahimiza warine mapema, nyuki hawajamaliza hata kufunika masega, ili asali yangu ifike sokoni kabla ya yako. Ilifika kweli. Lakini wateja waliionja, wakasubiri ya Mama Salma. Hilo liliniuma kuliko unavyoweza kudhani.

Ndipo akaja yule mama wa Dodoma anayenunulia maduka makubwa. Alikuwa ametoka kwako na chupa mkononi. Akaniuliza, kwa nini ya huyu ni nyeupe hivi, anatia sukari? Nilijua jibu, maana ulinifundisha mwenyewe: ni maua ya mtundu, basi. Sentensi moja tu ingetosha. Nikainamisha macho nikamwambia, "Sitaki kumsema aliyenifundisha kazi."

Hakuuliza tena. Alinunua kwangu.

Wiki haikuisha, soko zima linasema Mama Salma anatia sukari. Nilikuona ukiweka glasi za maji mezani, ukidondosha asali mbele ya watu waione inavyozama bila kuyeyuka. Walisimama, wakatazama, wakakusifu, kisha wakavuka barabara kuja kwangu. Nilikuwa nawafungia mzigo huku nakuona ukifuta zile glasi. Siku ulipoanguka hapo hapo dukani, walisema ni presha. Nilimaliza kumhudumia mteja kwanza. Kisha ndipo nikavuka.

Hukuinuka tena kitandani; Salma alikuuguza hadi ukafa. Msibani nilimenya viazi na vitunguu na wenzangu. Salma alinikumbatia, akalia begani kwangu, akasema mimi ni kama dada yake. Nikampapasa mgongo. Mikono ilikuwa inanuka vitunguu. Nikarudi kumenya.

Sasa sikia yaliyofuata.

Niliwapata wateja wako wote, kwa msimu mmoja. Kisha yule mama wa Dodoma akaanza kunusa chupa zangu. Kama Mama Salma, mtu wa miaka mingi vile, alitia sukari, mimi niliyetoka mikononi mwake nitaachaje? Wengine nao wakauliza hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anaiamini tena asali ya pale sokoni. Ikaja kampuni ya kusindika, ina mashine, ina maabara, inanunua kwa warina asali moja kwa moja. Wale niliokunyang'anya wote walihamia huko. Wala hawakuniaga.

Nikabaki na shehena stoo. Nikakodi Noah, nikaipeleka kwenye kituo chao cha Ulyankulu. Anayepokea na kupima ni Salma. Wamemwajiri kwa sababu alipeleka asali yako iliyobaki, wakaipima, ikaonekana haina kasoro hata moja.

Aliniamkia vizuri. Akadondosha asali yangu kwenye kile kipimo cha kuchungulia kwa jicho moja, akachungulia, akafuta, akarudia. Akasema ina maji mengi, imerinwa mbichi. Hawezi kuipokea. Warina asali walikuwa wamesimama nyuma yangu na ndoo zao, wale wale niliowahimiza, na mmoja akacheka.

Sijui kilichonipata, Mama Salma. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote: la mama wa Dodoma, la kuinamisha macho, lote. Nadhani nilitaka anipige. Nilitaka angalau mtu mmoja anichukie waziwazi.

Salma aliendelea kufuta kipimo chake. "Mama alijua," akasema. "Yule mama wa Dodoma alimwambia siku ile ile. Mama alicheka. Akasema, mwanangu wa kumzaa hana akili hiyo, Konso anayo." Akakunja kitambaa. "Alisema hayo mbele yangu."

Kisha akaita anayefuata.

Nilirudi mjini na ndoo zangu zote. Njia nzima, kupita Usoke hadi tunaingia, nilikuwa natafuta pa kukulilia nikakosa. Ungekufa unanilaani, ningejua nikuombe nini. Lakini ulikufa unanisifu, na sifa zenyewe ukamtupia mwanao usoni kama matope, yeye aliyekuosha na kukulisha hadi mwisho. Hiyo ndiyo zawadi uliyotuachia wote wawili.

Basi lala, Mama Salma. Mungu akusamehe, maana mimi sijui nianzie wapi, kwako au kwangu.

Ninakuahidi jambo moja: sitashindana na mwanao. Usidhani ni wema. Nimeona anavyopima.

Konsolata