Taa za Behewa la Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wale watundu wako. Sisi huku tunapumua. Baba anakula vizuri, presha imetulia, na ubishi wake haujapungua hata chembe; juzi alimwambia daktari kwamba yeye daktari ndiye anayehitaji kupimwa.

Uliniuliza kwa nini siku hizi sifungui kibanda changu cha kutengeneza redio. Kwenye simu nilikwepa, kwa sababu haya hayasemeki huku Baba mwenyewe yuko chumba cha pili anasikiliza.

Ile treni ndogo ambayo Baba alianza kuiunda tulipomzika Mama sasa imejaa meza nzima ya chumba ambacho marehemu alikuwa akishonea nguo: reli za kuzunguka, kichwa cha treni, na mabehewa yenye viti vidogo vya kadibodi. Mtu aliyekagua tiketi za treni maisha yake yote, nilidhani anajiliwaza tu. Kisha akataka mabehewa yawe na taa. Nikamfungia. Ziliwaka, lakini zikawa zinapepesa, maana umeme unatoka kwenye reli na kupanda kupitia magurudumu. Gurudumu likikanyaga vumbi kidogo tu, taa inakatika na kurudi. Nikamwambia hata treni za kweli taa zake huchezacheza. Alinijia juu kama mbogo. Alitaka taa isiyopepesa kabisa, hata kufumba na kufumbua.

Basi nikafungua mapaa, nikang'oa taa zile, nikabandika kanda za LED, nikaongeza diodi za kuelekeza umeme upande mmoja, na kapasita, kile kikopo kidogo kinachoweka akiba ya umeme, ili gurudumu likipoteza reli taa isihisi kitu. Tukafunga mapazia tujaribu. Dada, ilipendeza. Madirisha yalitupa vipande vya mwanga ukutani, vikatembea taratibu, vimetulia tuli.

Kwenye mwanga wa behewa la tatu palikuwa na kivuli cha kichwa cha mwanamke, kitambaa kimefungwa fundo kubwa kisogoni, vile alivyofunga Mama.

Nikasema ni waya umejikunja. Nikafungua paa: viti vitupu. Ukanda ule wa LED nikauhamishia behewa la kwanza, na ule wa behewa la kwanza nikauleta hapo. Kivuli hakikuhama. Treni ilipokata kona, kile kichwa cha kivuli kikageuka kama mtu anayetazama nje.

Baba wala hakushtuka. Alivuta kiti, akaniambia kwa ile sauti ya kumkumbusha mtoto avae viatu: "Taa ikikatika, mama yako anasimama. Anadhani amefika. Nimemwona mara nyingi akielekea mlangoni. Ndiyo maana nikakusumbua."

Tangu hapo hataki treni izimwe. Anashinda pale akimpa Mama habari: vitu vilivyopanda bei, wajukuu walivyorefuka, wewe ulivyonenepa. Nami nimezoea. Asubuhi nikipita namwamkia. Usinicheke.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Jumapili mchana Baba alikuwa uani akianika shati, namsikia akipiga mluzi. Nikaingia kufuta vumbi kwenye reli. Ukutani, behewa la tatu, vichwa vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kimeinamia upande, kikimtegea mwenzake sikio, hivyo hivyo Baba anavyoketi tangu sikio lake moja lilipoziba. Na huko nje mluzi unaendelea.

Nilipeleka mkono kwenye swichi, nikaurudisha. Nikizima, watasimama wote wawili.

Nilipomweleza, Baba alifurahi, Dada. Alichouliza ni kimoja tu: kama wanaonekana wanaongea. Mimi nimefunga betri kubwa chini ya meza, maana umeme wetu hukatika bila hodi, na kibanda nimekifunga ili nisikae mbali nayo. Lakini betri nayo huchoka, na mimi pia. Usingoje likizo. Njoo umkute bado anabishana na madaktari. Na ukifika, pita kwanza uani umsalimie Baba mwenyewe, ndipo uingie chumba kile.

Mkumbatie shemeji kwa niaba yangu, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Baba anakusalimu sana. Anasema Mama naye anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Nyaya