Ulimpa Mara Moja

Kaka Njoroge uliyelala Gatuanyaga,

Ulizoea kunicheka kwamba barua zangu huanza na habari za mvua na kuku kabla hazijafika kwenye jambo lenyewe. Leo nitajaribu kufupisha, ingawa jambo lenyewe nimelikwepa miaka yote hii.

Unaikumbuka sebule yetu ya Ruiru? Ulijaza humo kompyuta nne kuukuu ambazo kiwanda chenu cha Thika kilitaka kuzitupa, ukaziunganisha kwa waya. Mama alinung'unika, "Sasa wageni nitawaweka wapi, juu ya hizo televisheni zenu?" Ulikuwa unaandika programu ya kukadiria maji ya mto Chania yatapanda kiasi gani mvua ikizidi. Hesabu uliikata vipande vyenye namba. Namba ya kipande kinachofuata ilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya kwanza, na zile nyingine ziliisoma kutoka mbali, kupitia waya.

Majibu yakaja ya ajabu. Mto wetu wa kwenye kioo ulifunika ile hoteli iliyo kando ya maporomoko ya Chania hadi paa. Tulitafuta kosa siku tatu. Kumbe kompyuta ya pili ilisoma saba, na kabla haijarudi kuandika nane, ya tatu nayo ikasoma saba. Kipande kimoja kikafanywa mara mbili. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

"Ona, Nyambura," ukaniambia, "kusoma na kuandika lazima ikuwe kitu moja. Mtu akiingia hapo katikati, imeisha."

Ukazikataza kujichukulia namba. Kila moja ilituma ombi tu, na ile ya kwanza, yenye kumbukumbu, ndiyo iliyosoma, ikaongeza moja na kuandika, yote kwa mpigo, kisha ikajibu. Nyingine zilingoja zamu. Mto ukarudi kwenye kingo zake, nami nikajiona mtaalamu kwa sababu nilishika tochi ulipokuwa ukifunga waya.

Wakati huohuo tulikuwa tunamtunza mama, aliyeugua sukari. Tulining'iniza daftari juu ya kitanda chake. Utaratibu ulikuwa rahisi: angalia kama ameshapewa dawa ya asubuhi, mpe, andika. Wataalamu wawili sisi, na hakuna aliyeona kwamba tumelirudia lile kosa letu kando ya kitanda cha mama.

Jumamosi ile nilitazama daftari, halikuwa na kitu. Nikampa mama vidonge vyake. Kabla sijashika kalamu nikasikia maziwa yakifurika jikoni, nikakimbia. Wewe ukaingia kutoka shifti ya usiku, macho mekundu, ukatazama daftari, halikuwa na kitu. Mama alikwambia ameshakunywa, mwenyewe ulinisimulia baadaye, lakini huo ulikuwa wimbo wake wa kila siku wa kukwepa dawa. Ukambembeleza, akameza, ukaandika, ukasinzia kitini. Niliporudi na uji, mama alikataa hata kijiko kimoja. Niliona mwandiko wako, nikafikiri mama amekwambia nimempa, nawe umeniandikia. Hata nilifurahi, nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Kufikia saa sita alikuwa anatoka jasho na kutetemeka, hatutambui. Hospitalini daktari alisema sukari imeshuka mno, akauliza alipewa dawa mara ngapi. Ukanigeukia.

"Nyambura, wewe ulimpa?"

"Hapana," nikasema. "Mimi sikumpa."

Daktari alikuwa ameshamtundikia maji ya sukari, kwa hiyo jibu la kweli halingemwokoa mama. Lingekuokoa wewe. Niliogopa, kaka. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Baada ya mazishi ya mama uliniambia, "Nilisinzia pale kwa kiti. Lazima nilimpa nikasahau, nikampa tena. Hii kichwa yangu haiwezi aminika." Nilikuwa nakoroga chai. Niliendelea kukoroga.

Uliacha kazi. Kompyuta zikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukahamia Gatuanyaga kufuga mbuzi, na nilipokuja kuwatembelea mkeo Wanjiru alinieleza kwamba hukubali kumpa mtoto wako hata dawa ya kikohozi. Ungemngoja yeye arudi kutoka kisimani, mtoto akikohoa mapajani mwako. Nililisikia hilo na bado nikanyamaza. Nilijiambia nitakueleza Krismasi, kisha Pasaka. Homa ya mapafu ikakuchukua kabla sijamaliza kujiandaa.

Nina huzuni ambayo sina haki ya kuililia mbele za watu, maana wote hunipa pole.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Wanjiru nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alijua?"

"Hakujua."

Alichukua kikombe changu, kikiwa bado kimejaa chai, akaimwaga nje ya mlango. "Nenda mapema," akasema kwa upole, "jua la huku ni kali."

Nimeiacha barua hii wazi ili mtoto wako aisome atakapokua, ajue baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Kichwa chako hakikuwa na kosa, kaka. Ulimpa mama mara moja.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,
Nyambura