Kitufe cha Sauti Mpaka kwa Mwanaidi

Mjukuu wangu Rehema, mke mwenzangu,

Kwanza, unakula? Mama yako kaniambia huko Vancouver unaishi kwa mkate na kahawa. Pika wali, mtoto wa kike. Sikukubeba mgongoni hapa mtaani kwetu Crescent Town, theluji mpaka magotini, ili uje ukonde huko. Haya, hilo nimelimaliza.

Juzi kwenye lifti mama mmoja Mkongo wa ghorofa za juu kaniuliza kama mimi ndiye bibi wa yule binti aliyetengeneza kitufe cha sauti. Kumbe kanisani kwao nao wanakitumia. Nikasema ndiyo, ni mimi, nikazuia mlango kwa mguu ili nimalize kusimulia. Watu wa chini walikuwa wanasubiri. Wasubiri.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikaa mezani kwangu na kompyuta yako, ukanieleza kwamba wiki ya ukoo, si wiki ya siku saba, ni kama baraza la kwenye intaneti, kila mtu wa kwetu anaingia na kuandika habari zake. Nikakwambia mimi nasoma kwa kuungaunga, nikifika mwisho wa mstari, mwanzo nimeshausahau. Hukucheka. Ukaitengenezea wiki hiyo kitufe cha sauti, hicho mnachokiita plagini: nabonyeza jina la mtu, namsikia mwenyewe akisema yeye ni nani na mtoto wa nani.

Mimi nikakataa kurekodi, nawe ukanuna. Lakini kwetu mdogo hafungui mdomo kabla ya mkubwa, na mkubwa wetu aliyebaki ni dada yangu Mwanaidi, yuko Tanga, macho yamemwishia, simu anabonyezewa na mkwewe. Nilikwambia asikie kwanza, aridhike, aseme yeye wa kwanza. La sivyo wazee wote watanyamaza mpaka wafe, na hao wajukuu wanaonijibu kwa Kiingereza hawatatujua hata kwa sauti.

Ukaweka sauti ya jogoo ya kujaribia, maana ya mtu nilikukataza. Ukauliza kwenye kundi la ukoo kama inafunguka. Wote wakajibu: mashallah, nzuri sana, hongera mwanetu. Mjomba wa Muscat akatuma na maua. Ukarukaruka kama umeolewa. Mimi nawajua watu wangu. Nikampigia dada.

"Mkweo amekubonyezea? Umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu. Maneno matamu, mpaka machozi yamenitoka."

"Maneno gani, dada? Ni jogoo yule!"

Akasema, "Sasa nimvunje moyo mtoto?"

Nilipokusimulia ulilia, nikakwambia futa kamasi. Kumbe kwako jogoo anawika, kwa Mwanaidi kimya, kwa mjomba ukurasa mweupe, na kwenye tableti yangu anakatika katikati kama amekabwa. Ukanieleza kwamba kila mtu anafungulia intaneti kwa kivinjari chake, na kila kivinjari kina tabia zake, sauti inayokubalika hapa, pale inakataliwa. Baba yako akasema uwaambie wote watumie kimoja, yaishe. Ukamkatalia. Ulisema kwa Kiingereza chako, lakini nilielewa: Bibi Mwanaidi habadilishi simu, kitakachobadilika ni kitufe. Nilijivuna mpaka chapati ikaungua.

Ukaacha kuwauliza kama inafanya kazi. Leo ukaweka mbuzi, kesho paka, ukawauliza: ni mnyama gani? Hapo adabu haikuwasaidia kitu. Mjomba akakisia ng'ombe, akaumbuka. Ukarudi kwenye kivinjari chake, ukarekebisha, kumbe umemponya yeye, sisi wengine tumeugua. Ukaanza upya. Hukutukana, hukumtupa mtu. Nilikuwa nakuletea chai nakugombeza ukae wima, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyu ni wangu.

Mpaka Mwanaidi akapiga mwenyewe, anapiga kelele: "Punda! Mwambie mtoto ni punda, tena ana njaa!"

Ndiyo akasema yeye wa kwanza: "Mimi Mwanaidi, mkubwa wao. Sasa semeni." Wakasema wote, mbio, kama waliofunguliwa mlango. Hata mimi nikasema, ukaniambia nimezidisha. Nilizidisha nini? Nina mengi.

Sasa watu nisiowajua wanakitumia kitufe chako, na wewe umepata kazi mbali. Vizuri. Sitasema nyumba imepoa, utajidai.

Ila leo asubuhi nimebonyeza jina lako. Kimya. Nikajaribu simu ya mama yako, nikajaribu kompyuta ya baba yako. Kimya. Usiniletee habari za kivinjari, Rehema. Umeufungua mdomo ukoo mzima, wewe mwenyewe hujasema neno, eti Kiswahili chako kibovu. Kibovu kivipi, na ni mimi niliyekupa? Sema wewe ni nani na mtoto wa nani. Utakosea, nitakugombeza, kisha nitabonyeza tena na tena mpaka tableti iishiwe chaji.

Nimekaa nangoja,
Bibi yako mzaa mama