Rais Yule Uliyeniulizia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mjini Katy hatujambo, na goti langu limepata nafuu. Umeuliza, kwa ajili ya insha yako ya chuo huko Richardson, umpime vipi rais yule wa zamani mwenye kashfa.

Nilipokuwa msichana Moshi, mkuu wa shule aliyemsihi baba asiniachishe masomo alituhumiwa kuvujisha mitihani. Kwenye kikao cha wazazi mjomba alininong'oneza, "Nyamaza, alikusaidia."

Nilisimama. "Bila yeye nisingesoma," nikasema. "Na mitihani aliivujisha. Nilimwona."

Alifukuzwa. Nililia wiki nzima, lakini sikujuta.

Basi alichojenga rais huyo kiandike, na alichoficha kiandike pia, hata profesa akitaka kimoja tu.

Nakuombea,
Bibi Eliapenda