Kiarabu cha Sokoni

Matrah, Jumatatu, 1968.

Joto. Nimeamka na furaha tele, joto limenipunguzia nusu.

Leo ndo siku ya Nasri kupimwa. Ustadh wa skuli ya wavulana, jirani yetu, aliniahidi atampima hapahapa kwangu, na akimwona anafaa atamwombea nafasi. Skuli yenyewe watoto wameshonana kama tende kikapuni. Na Nasri ana miaka minane, hajui darasa jingine ila langu.

Darasa langu ni jikoni. Mwalimu ni mie, nlieishia la nne kule Unguja kabla ya kuhamia huku Uarabuni, na mkono mmoja uko kwenye chuma cha vitumbua. Baba yao yuko kazini Kuwait. Salma, mkubwa, miaka kumi na miwili, anamsomesha Nasri. Nasri anamsomesha Zuwena wa miaka mitano. Zuwena anamsomesha paka.

Si mchezo. Ukimtungia Salma hesabu ya kumfaa, mdogo keshakula chaki. Ukimshika mdogo, Nasri keshatoka dirishani. Wa kati akianza kufahamu, mkubwa anapiga miayo. Juzi Zuwena kaandika jina lake kwa herufi za kizungu, lakini kaanzia kulia kama Kiarabu. Nikasoma "Anewuz", nikauliza huyu mgeni katoka wapi.

Lakini siku ile Nasri aliposoma mwenyewe maandishi ya kwenye gunia la mchele, bila ya mtu kumwambia, niliepua chuma nikakaa chini. Vitumbua vikangoja.

Hesabu nnazijua. Kiarabu ndo kasheshe. Mie nimekiokota sokoni, na kila neno nnalolijua lina bei.

Baada ya alasiri ustadh akaja. Nikamtandikia mkeka barazani, nikamwekea kahawa na vitumbua, mie na Salma tukajibanza nyuma ya pazia.

Nasri kasoma vizuri. Kajumlisha vizuri. Kisha ustadh akamuuliza kwa Kiarabu, ameyaonaje maswali?

"Rakhis, ya ustadh."

Sisi Waswahili rahisi ni rahisi tu, iwe hesabu, iwe khanga. Kwa Mwarabu rakhis ni kitu cha bei ndogo, basi. Mwanangu kamwambia mwalimu wa watu kwamba maswali yake ni ya bei chee.

Ustadh akaweka kikombe chini. Akamuuliza kama ana hakika na analolisema.

"Akhir kalam."

Hilo langu. Nnalisema kila siku mteja wa vitumbua akitaka nimpunguzie: neno la mwisho, bei haishuki.

Salma kajiziba mdomo kwa ushungi. Mie nikaiona nafasi ya skuli inateremka ngazi na kwenda zake.



Halafu nikasikia ustadh anacheka, anacheka mpaka kapaliwa na kitumbua. Alipopata pumzi akapaza sauti nisikie: nimlete Jumamosi, atakaa na wadogo mpaka Kiarabu chake kitoke sokoni. Akamuuliza Nasri nani kamfunza kusoma vile. Nasri akasema ni dada yake. Ustadh akasema mashaallah, akamaliza kahawa, akenda zake. Angesema nini zaidi? Skuli ya wasichana hapa hakuna.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nipige vigelegele. Salma alikuwa anakunja mkeka, hanitazami.

"Mama, Nasri akenda skuli, mie ntasoma na nani?"

Vigelegele nikaviacha, nikashika ncha ya pili ya mkeka.

Maana ni kweli. Nlichonacho mie nimeshampa chote, hakijazidi hata cha kumgaia paka. Toka mwaka jana mtoto huyu anasoma kwa kumsomesha mdogo wake. Neno asilolijua analitafuta kwanza, ndo amfunze. Leo nimemfurahia mmoja, kumbe nimemvunjia mwingine darasa.

Nimepika chakula cha usiku nikiwaza. Tulipokwisha kula nikamkalisha Nasri, nikampa masharti. Kila atakachokipata skuli kinarudi hapa mkekani siku ileile, kingali cha moto. Anamsomesha dada yake, chote, hata asichokipenda. Bila ya hivyo Jumamosi hatoki.

Nasri, mtoto wa muuza vitumbua, akaanza kuteta bei. Akasema basi Alkhamisi apumzike.

Nikafungua mdomo nimjibu. Salma akaniwahi.

"Akhir kalam."