Hooyo Alishuka Morogoro

Jumapili, Garissa. Baada ya Alasiri.

Joto la leo limekuja na hasira zake. Mabati yanalia, paka kaenda kulala ndani ya karai la kufulia, na mimi nimejifungia chumbani na feni inayozunguka inapojisikia. Sebuleni Hooyo, mama yangu, anawasimulia majirani safari yetu ya Tanzania. Ni mara ya tatu tangu jana, na kila mara treni inazidi kuwa ndefu.

Namsikia vizuri kupitia pazia. "Mimi sikupotea," anasema. "Mimi nilikuwa pale pale. Treni ndiyo iliyoondoka." Wanawake wanacheka mpaka vikombe vinagongana.

Mimi sicheki. Kuna kipande cha hadithi anakiruka kila mara, na si kwa kusahau, kwa sababu Hooyo hasahau hata jina la mbuzi aliyekufa mimi nikiwa mtoto. Anakiruka kwa kunihurumia. Basi nakiandika hapa kwenye blogu yangu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Miaka kumi na moja nimewachorea wasichana wa Garissa reli ubaoni, ule mstari wenye vijiti vijiti, nikiwaeleza faida zake kwa uchumi wa nchi. Na sijawahi kupanda treni. Muhula uliopita msichana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, treni inanukaje ndani?" Inanukaje! Nikamwambia tuendelee na mada. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani.

Najua mtauliza, mbona usipande ya kwenda Mombasa, iko hapa hapa nchini? Ngoja nikiri. Nilitaka mhuri. Pasipoti zetu, yangu na ya Hooyo, tulizihangaikia mpaka viatu vikaisha soli, halafu zikakaa kabatini miaka minne, safi kama siku tulizopewa. Nilitaka afisa mmoja mahali fulani anigongee mhuri kwa sababu tu nimekuja kutembea. Mtalii. Mimi, Halima wa Garissa, mtalii.

Kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Unasafiri kwa ajili ya mgonjwa, mifugo, harusi au maziko. Nilipomwambia Hooyo nataka kwenda kupanda treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma, hakuniuliza ni mbali kiasi gani.

"Unaenda kwa nani?"

"Sina mtu huko, Hooyo. Naenda kuangalia."

"Kumwangalia nani?"

"Nchi. Na treni."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kupima kama nina homa. Kisha akasema basi anakuja, kwani hawezi kuniacha niende peke yangu mahali ambapo hatuna mtu. Kwa hiyo jueni kwamba yeye ndiye aliyekuja kunilinda mimi.

Sasa hicho kipande.

Kwa msiotoka huku: basi la Nairobi likifika kizuizini pale darajani, abiria tunashuka. Kitambulisho mkononi, mstari mmoja, unapita mbele ya askari kwa miguu, unapanda tena mbele kidogo. Siku hizi hakuna hata anayetangaza. Gari likisimama, miguu inajua yenyewe.

Siku tunaondoka, Hooyo alichelewa. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na kitambulisho hukifunga kwenye pindo la mtandio wake kwa fundo ambalo hata nahodha hawezi kulifungua. Abiria wakaanza kunung'unika. Utingo akagonga mlango. Na mimi, mwalimu mzima, nikampandishia mama yangu sauti.

"Hooyo, ukiona gari limesimama na askari yuko nje, shuka! Usingoje kuambiwa. Shika kitambulisho mkononi, shuka. Unachelewesha watu!"

Mimi na Hooyo tunazungumza Kisomali tangu nizaliwe. Siku hiyo nilisema kwa Kiswahili. Nilitaka abiria wengine wasikie, wajue kwamba mimi ni wa ofisini, mimi si mzito kama yeye. Hooyo aliinama. Alifungua lile fundo, akakishika kitambulisho, na tangu hapo hakukiweka chini tena. Namanga, mpakani, alikuwa nacho mkononi, Dar alikuwa nacho mkononi. Niliona nikafurahi, eti hatimaye ameelewa.

Nina aibu, wallahi.

Treni yenyewe, jamani, ni nzuri. Ndani inanuka viti vipya na chai ya jirani, nitamwambia yule msichana. Hooyo alisoma dua yake, akaweka chupa ya chai mbele yake, akangoja ianze kutikisika. Haikutikisika. "Hii inatembea kama ngamia aliyeshiba," akasema, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Tulipotoka nje ya mji akaziona zile nyasi, kijani kibichi hadi mwisho wa macho, akasogeza uso hadi kiooni. Mwishowe akanishika mkono. "Majani yote haya, Halima. Na hakuna hata mbuzi mmoja." Alisikitika kweli kweli. Ilibidi nimpe kitambaa.

Tulipokaribia Morogoro milima ikajitokeza, mikubwa, imejifunga mawingu kiunoni. Nikanyanyuka na simu. Nilitaka kujirekodi nikiwa dirishani, kwa ajili yenu wasomaji wangu, na dirisha zuri nililiona behewa la pili. "Hooyo, kaa hapa, narudi sasa hivi." Mkoba nikaubeba begani. Ndani ya mkoba kulikuwa na pasipoti zote mbili, na simu yake pia.

Nilijirekodi mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza mtandio wangu ulikuwa umekaa upande. Treni ilisimama. Treni ikaondoka. Nikarudi.

Kiti kilikuwa kitupu. Chupa ya chai ilikuwa pale pale.

Nikaenda msalani. Nikaenda behewa la mbele, nikaenda la nyuma. Niliporudi, mzee wa kiti cha pili akaniambia kwa upole, "Dada, mama yako ameshuka. Alikuwa ameshika kitambulisho mkononi. Nilidhani amefika kwake."

Gari limesimama, askari yuko nje, watu wanashuka.

Alikuwa amefanya kila nililomwambia.

Nikakaa sakafuni pale pale kwenye njia, nikalia kama mtoto. Mhudumu wa treni alikuja, akainama, "Pole dada, tulia kwanza, mama hapotei," akapiga simu stesheni. Kungoja lile jibu ni jambo ambalo simtakii hata adui yangu. Hooyo hana pasipoti, hana simu, Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, na yuko katika nchi ambayo, kama alivyosema mwenyewe, hatuna mtu. Ninajua kwetu mtu asiye na karatasi sahihi anavyoambiwa akae pembeni. Akilini nilimwona amekalishwa kwenye benchi la pembeni. Nilimwahidi Mungu kwamba akinirudishia mama yangu nitaifuta blogu hii. Mnaona bado ipo. Tunazungumza, mimi na Yeye.

Jibu likaja: "Mama yupo stesheni. Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Amekaa tu, dada."

Neno lile halikunituliza hata kidogo. Nilishuka kituo kilichofuata, nikangoja treni ya kurudi zaidi ya saa mbili, na njia nzima sikutazama nyasi wala milima.

Na kweli alikuwa amekaa. Ukumbini, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, magoti yamefunikwa khanga ya mtu kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Maganda ya ndizi yamepangwa vizuri kwenye karatasi. Kando yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya usafi, ufagio umeegemezwa ukutani, msalaba mdogo shingoni. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Mwanamke yule akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Halima? Uliyemkataa mwalimu wa Wajir?"

Ndiyo desturi yetu. Ukikutana na mtu safarini unakaa, unampa habari zote za ulikotoka: mvua, mifugo, watoto. Hooyo alikuwa amempa mwanamke huyo, Mama Zawadi, habari zetu zote kwa maneno yake arobaini ya Kiswahili na mikono miwili. "Mimi iko Garissa. Basi nasimama, askari iko, mimi nashuka. Basi naenda! Mtoto yangu naenda na basi. Huyu mtoto nakataa bwana."

Mama Zawadi ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Abiria waliposhuka, Hooyo alijipanga nyuma yao. Wao wakatoka nje kwenda zao, treni ikaondoka, yeye akabaki mstarini peke yake mbele ya askari, amenyoosha kitambulisho. Askari akamwambia, "Mama, hapa hatukagui." Hooyo hakushusha mkono. Akamwambia tena. Hakushusha. Basi yule askari akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma polepole, akakigeuza, akasoma na nyuma, akamrudishia. "Asante, mama. Shikamoo. Karibu Tanzania." Hapo ndipo Hooyo alipokubali kukaa.

"Nilipomwona amejifunika mtandio," Mama Zawadi akasema, "nikajua chakula changu huenda kisimfae. Nikamletea ndizi. Ndizi Mungu mwenyewe ameifunga, haina maneno."

Nilipiga magoti mbele ya Hooyo pale ukumbini. Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga njia nzima. Hakunipa nafasi. Alinipangusa uso kwa ile khanga ya watu, akaniambia kwa Kisomali, uso umechangamka, "Umeona? Leo sikuchelewesha mtu."

Nikauficha uso kwenye magoti yake, nikalia. Mama Zawadi alidhani nalia kwa furaha, akaniongezea ndizi.

Dodoma hatukuiona. Hooyo alisema nchi ameshaiona, inatosha. Tulikaa na Mama Zawadi mpaka zamu yake ikaisha, akamwonyesha Hooyo pa kuswalia, akamngoja mlangoni na viatu vyake. Tulipoagana walishikana mikono muda mrefu, na Hooyo akamwombea dua kwa Kisomali, na yule akaitikia "amina" kila Hooyo aliposhusha pumzi.

Jana tulirudi. Jua lilikuwa kali, basi limejaa, na karibu na daraja gari likapunguza mwendo, likasimama. Abiria wote wakanyanyuka. Hooyo hakunyanyuka. Kitambulisho kilikuwa mkononi, tayari, lakini alikuwa ananitazama mimi.

"Hapa tunashuka?"

Nimefundisha ramani ya Kenya miaka kumi na moja. Nilitamani sana kumjibu hapana.

"Ndiyo, Hooyo. Hapa tunashuka."

"Haya," akasema, akanipa mkono.

Tulishuka polepole. Nyuma yetu mtu alianza kunung'unika, nikageuka nikamtazama kwa yale macho ya darasani, akanyamaza. Askari alikuwa kijana wa bara, shati limelowa jasho, uso wa mtu aliyesimama juani tangu asubuhi. Akakitupia jicho kitambulisho cha Hooyo. "Mmetoka wapi, mathe?"

"Tansania," akasema Hooyo.

"Mko na watu huko?"

Nilifungua mdomo kusema hatuna. Hooyo akaniwahi. "Iko. Mama Safadi. Morogoro."

Kijana akatabasamu kidogo, akamrudishia kitambulisho. Hooyo hakukipokea. Alibaki amesimama, mikono chini, mstari wote nyuma yetu.

"Soma," akamwambia, si kwa ukali. "Soma yote. Na nyuma."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akaangalia ule mstari mrefu. Kisha akakisoma. Jina lote, mpaka la babu. Akakigeuza, akasoma nyuma, kwenye alama ya kidole. Akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante, mathe. Karibu nyumbani."

Sasa huko sebuleni jirani mmoja anamuuliza huyo Mama Zawadi ni wa ukoo gani. Hooyo anafikiri kidogo, halafu anajibu, "Reer Morogoro," watu wa Morogoro, kana kwamba ukoo huo tuliujua siku zote. Wanacheka tena. Sasa atafika pale treni iliposimama, na mmoja wao atamuuliza kama anavyouliza kila mtu: lakini Hooyo, ulishuka kwa nini? Naye kila mara husema aah, nilitaka kunyoosha miguu.

Safari hii hatasema hivyo. Naweka simu chini, natoka kwenda kukaa mkekani kando yake, niwaambie ni nani aliyemwambia ashuke, na kwa sauti gani. Nitasema kwa Kisomali, mbele yao wote.