Upande wa Kushoto

Jumatatu, 4 Mei

Tumetoka gatini alfajiri. Meli tatu za mizigo nyuma, sisi mbele, kama juzi na kama kesho kutwa. Bahari shwari. Vumbi hewani, jua limechomoza jekundu, halina haraka.

Mimi roshani ya kulia ya chumba cha usukani, Kombo roshani ya kushoto. Kazi yetu ni macho. Tangu vita hivi vianze kuna mabomu yanayoelea njiani, mengine yamekatika minyororo na yanazurura tu. Anayeliona kwanza anapiga kelele, Nahodha anakata usukani, meli za nyuma zinasimama, na walinzi wa Kinepali wanalipiga risasi kutoka mbali. Kisha Nahodha anachukua brashi na kuchora mstari mweupe chini ya jina la aliyeona, ukutani, karibu na mlango wa jiko. Kila anayekwenda kula anauona.

Leo Kombo ameona moja. Sasa ana mistari mitatu. Mimi sina hata mmoja.

Nilimpongeza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Roho inaniuma, basi.

Jumatano, 6 Mei

Tunarudi na meli mbili tupu za mafuta. Kubwa mno. Wimbi lao peke yake linatosha kumwaga chai yetu. Meli yetu zamani ilikuwa ya jeshi la majini la watu fulani, ikazeeka, kampuni ikainunua na kuipaka rangi ya kijivu upya. Kombo ameibatiza Kijibwa, kwa sababu inakimbia mbele ya wakubwa ikibweka kwa honi. Sasa hata Nahodha Mathew, Mhindi wa Kerala asiyejua Kiswahili, anaiita Kijibwa. Hilo nalo ni la Kombo. Mimi nimekaa kwenye meli hii muda mrefu kuliko yeye, na sikuwahi kufikiria kuipa jina.

Nimwandike mtu huyu nimalize. Amezaliwa hapa hapa Dubai. Babu na bibi yake walitoka Unguja. Kiarabu anakijua kama maji. Ana mama mtaa wa Deira anayempikia, na kila safari anakuja na bakuli la maandazi ya iliki analigawa meli nzima, kuanzia kwa Nahodha hadi kwa fundi wa injini. Nimekula mawili. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jambo jingine. Kila nikimtupia jicho kupitia vioo vya chumba cha usukani, namkuta amegeukia upande wangu. Ananichunguza. Anataka kujua kama na mimi nitaona kitu.

Alhamisi, 7 Mei

Habari mbaya. Nahodha ametuita sisi wawili baada ya chai. Kampuni inaleta kamera ya kufunga mlingotini, itaangalia upande mmoja. Kabla mwezi haujaisha atabaki mtu mmoja, na Nahodha ndiye atakayechagua. Hakusema atatumia kipimo gani. Sote wawili tulitazama ukuta wa jikoni.

Kibali changu cha kuishi nchi hii kiko mkononi mwa kampuni. Wakiniacha ni ndege ya Dar, basi la Tanga, na shemeji zangu mlangoni wakiniuliza nimerudi na nini. Kombo akiachwa atakwenda kwa mama yake akalale mchana. Hana shida na kazi hii. Anaifanya kwa sababu anaipenda. Sijui kama kuna kitu kinachochukiza zaidi ya hicho.

Jumamosi, 9 Mei

Gatini. Mapumziko. Chumba chetu cha kupanga Al Rigga, watu sita, kiyoyozi kinadondosha maji juu ya viatu vyangu na si vya mtu mwingine.

Kombo alipiga simu mchana. "Elia kaka, njoo ule kwetu. Mama kapika. Yalla, usifanye hiyana."

Nilisema nina mgeni. Sina mgeni. Nilijilaza nikatazama mbao za kitanda cha juu. Baadaye kidogo picha ikaingia kwenye kikundi cha simu cha mabaharia: sinia la pilau, na Nahodha Mathew ameketi kwenye busati, amekunja suruali, anacheka.

Nahodha! Kwao! Na uamuzi ni mwezi huu huu! Kumbe ndivyo mambo yanavyofanyika. Nimeikuza ile picha mara nyingi. Pilau ilikuwa na zabibu.

Jumanne, 12 Mei

Nimejiaibisha.

Niliona kitu cheusi upande wangu nikapiga kelele kabla ya kushika darubini sawasawa. Kijibwa ikalala ubavu, meli zote za nyuma zikasimama, manahodha wao wakaanza kulalamika redioni kwa lugha zao. Lilikuwa pipa. Pipa la plastiki la mafuta ya kupikia, bado lina karatasi yenye picha ya alizeti. Walinzi sasa wananiita Bwana Pipa. Mpishi naye amejiunga, na alinipa chakula changu akisema nisiogope, hakitalipuka.

Kombo hakucheka. Alikuja tulipopumzika, akanipigapiga bega. "Bora ukosee hivyo, kaka. Nyamaza uone watu watakavyokufa."

Afadhali angecheka. Mtu akikucheka unaweza kumchukia kwa raha.

Tangu saa ile najikuta namtazama yeye kuliko ninavyotazama maji. Namsubiri na yeye akosee. Mara moja tu. Mbele ya watu. Nimejaribu kuacha na siwezi. Macho yanakwenda yenyewe kushoto, na kila yakienda yanamkuta amenigeukia. Ana shibe ya mistari mitatu na bado ananichunguza mimi.

Alhamisi, 14 Mei

NIMELIONA BOMU. La kweli!

Lilikuwa upande wa kushoto, wa Kombo, na yeye hakuliona. Nimeliona mimi kutoka kulia. Nilipiga kelele, Nahodha akakata usukani, likapita karibu sana, karibu kuliko yote yaliyotangulia. Lilipofika mbali kiasi walinzi wakalipiga. Mlipuko ulinyanyua maji yakatunyeshea mpaka jikoni. Masikio bado yanalia. Meli za nyuma zote salama. Zilitupigia honi moja baada ya nyingine na Nahodha akanikumbatia, yeye ambaye hata mkono hatoi.

Mstari mmoja mweupe. Chini ya jina langu. Nimepita pale jikoni mara nyingi kuliko njaa yangu. Rangi ilikuwa bado mbichi nikaigusa, kidole kikatoka cheupe.

Hakuna aliyeniita Bwana Pipa leo.

Kombo amekaa sitahani ameshika kichwa. Hakula. Sikwenda kumpigapiga bega.

Ijumaa, 15 Mei

Sijalala vizuri. Nitaandika lote, hakuna anayesoma.

Sikupiga kelele pale pale.

Nililiona mapema. Kombo alikuwa amenigeukia kama ilivyo desturi yake, darubini usoni, mgongo kwa lile bomu. Nikajua halioni. Nikafunga mdomo. Nilitaka lije karibu, karibu kiasi cha kila mtu kuliona kwa macho yake, kisha Nahodha aulize hili lilikuwa upande wa nani. Hilo tu ndilo nililotaka. Lilikuwa na kutu na lilikuwa limeota chaza mgongoni. Wimbi likalipandisha, likalishusha. Likalipandisha tena. Nilisikia harufu ya vitunguu, mpishi alikuwa anakaanga. Mmoja wa Wanepali alikuwa chini yangu anazungumza na mkewe kwenye simu, anamwonyesha bahari.

Nimesimama. Nasubiri mwenzangu aaibike.

Nilipopiga kelele sauti yenyewe ilitoka nyembamba, Nahodha alidhani nimeumia. Na sikupiga kelele kwa kumhurumia mtu. Niliona tu kwamba linaelekea kwetu sisi, nikaogopa kufa.

Wananishukuru. Mnepali yule amenipa soda.

Jumapili, 17 Mei

Nahodha ameamua. Ninabaki mimi.

Alisema bila kuzunguka. Kombo ana macho mazuri, lakini mtu aliyeangalia upande usio wake mbele ya bomu hawezi kumtetea kwa kampuni. Kombo hakujitetea. Sikuelewa kwa nini. Mtu mwenye mdomo kama ule, mwenye Kiarabu na Kiingereza na utani, akasema "ni kweli, sir", akaenda kukusanya vitu vyake. Shemeji yake ana duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, atakwenda kuuza huko taa na vioo.

Aliniaga wa mwisho. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Umetuokoa wote, kaka. Mama kasema Ijumaa uje, na safari hii mgeni wako mlete."

Nilingoja furaha usiku huu. Nimepata nilichokitaka, kazi ninayo, kibali ninacho. Nimekaa kitandani kama mtu aliyekosea kituo.

Na bado, nikifikiria atakavyopokewa kwao, atakavyofunguliwa mlango, wivu ule ule. Mtu nimemnyang'anya kazi na bado namwonea wivu.

Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda. Sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

Nyumba ya ghorofa ya zamani, Deira, ngazi zinanukia udi mpaka chini. Mama yake, Bi Zuhura, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alinishika uso kwa viganja viwili mlangoni. "Weye ndiye ulonirejeshea mwanangu." Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaniketisha mahali pazuri, chini ya feni. Kombo alikuwa na mafuta meusi kwenye kucha. Mikono ya dukani.

Sinia likaja. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu. Bi Zuhura akawa ananisogezea nyama upande wangu.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na macho je, mwanangu? Jua bado lakutesa?"

Sikumwelewa. Nikasema macho yangu mazima.

"Usinifiche. Kombo kanambia zamani. Kasema, mama, mwenzangu upande wake hautazami, kila saa kageuza uso, nahisi jua lamuumiza. Nikisema watamfukuza, na yeye hana mtu hapa. Basi namtazamia na upande wake. Nami nikamwambia fanya hivyo, baba, ni mgeni wa watu."

"Mama, khalas, yatosha," Kombo akasema. Alikuwa anatazama wali.

Nimeiandika kama alivyosema. Sitaki kuibadilisha.

Kwa hiyo wiki zote zile hakuwa ananichunguza. Alikuwa anafanya kazi yangu. Mimi nimegeuka kushoto kumtazama yeye, yeye amegeuka kulia kutazama bahari yangu, na upande wake ukabaki hauna mtu. Bomu likaja hapo. Na mbele ya Nahodha angeweza kusema neno moja tu, angebaki yeye. Hakulisema.

Nilitaka kuwaambia. Niliweka tonge chini, nikafungua mdomo. Bi Zuhura akadhani nimekabwa, akanipa maji. Nikanywa. Nikasema pilau ni nzuri sana.

Anajua Kombo? Ya macho kuuma anaamini, au alimwambia mama yake hivyo ili asinitaje vibaya? Nilimtazama mara kadhaa, akanitazama mara moja, si kwa hasira. Sijui. Kuhusu kusubiri kwangu hajui, hilo nina hakika, vinginevyo nisingekula kwake.

Wakati wa kuondoka mama alinitia mfukoni kichupa cha dawa ya macho aliyoinunua mwenyewe. Nikashuka ngazi. Chini kwenye joto la barabarani ndipo nilipojua kilichokuwa kinanichoma, na ninaona haya kukiandika. Sikuwa najuta tu. Nilikuwa naona wivu. Mpaka wema wake nimemwonea wivu, kwamba aliweza kukaa kimya vizuri, na mimi kimya changu ni kile cha mbele ya bomu.

Jumatatu, 25 Mei

Kamera imefungwa. Inageuka polepole mlingotini, ina taa ndogo ya kijani. Fundi alisema haichoki.

Tumetoka alfajiri na meli mbili, moja ya mchele, moja ya mafuta. Bahari shwari. Nimetazama upande wangu asubuhi nzima, kwa darubini na bila darubini, mpaka macho yakauma kweli. Nikaitia ile dawa. Inawasha kidogo, kisha inapoa.

Mchana Nahodha aliniuliza kama nataka kutoa neno kampuni ikiandika taarifa ya lile bomu. Nikasema ninalo, ila nimwambie kwanza Kombo. Akasema sawa, hakuniuliza ni nini. Tutakuwa gatini Alhamisi. Duka lao la Ras Al Khor si mbali.

Sikuona kitu leo. Nimegeuka kushoto mara nyingi, kwa mazoea. Kwenye roshani ile sasa wameweka ndoo na kamba za kufungia meli.